Tazama Chuma Kabla ya Jina

Wanangu, bunduki kuukuu ya midomo miwili ikiwekwa mezani, muuzaji huanza na jina. Atakwambia hii ni Purdey, au Parker, au Westley Richards, na kidole chake kitakuwa juu ya maandishi. Mwache aseme. Wewe omba ruhusa, ifungue uhakikishe haina risasi, kisha itenganishe vipande vyake vitatu: mitutu, mbao ya mbele, na fremu pamoja na kitako chake. Igeuze mitutu uitazame upande wa chini. Habari za bunduki hizi zimegongwa kwa mihuri hapo, karibu na mahali risasi inapoingia, na fremu huzificha mara bunduki inapounganishwa. Muuzaji anayekataa usiitenganishe, mshukuru kwa chai yake uende zako.

Mimi nimekuwa na bunduki hizi tangu siku za kushika tupa, na naona sasa baadhi yenu mmeanza kuzipenda. Mlio Uingereza na Marekani mnazikuta kwenye minada, zimelazwa kando ya saa za ukutani na vyombo vya fedha. Mlio nyumbani mnazikuta katika kabati la mzee aliyefariki. Mapenzi hayo si mabaya. Ila mjue mnapenda kitu chenye nyuso mbili: ni kazi ya mkono iliyotiwa nakshi ikatulia, na ni chombo cha kuua. Asiyeheshimu vyote viwili asikinunue.

Neno langu kubwa ni moja. Bunduki ya kale hununuliwa kwa kile ambacho hakijaondolewa. Chuma kilichosuguliwa hakirudi. Mbao iliyopigwa msasa hairudi. Nakshi iliyofutika inaweza kuchorwa upya, lakini huo utakuwa mkono mwingine. Kwa hiyo bunduki iliyochakaa polepole kwa kubebwa na kufutwa kwa mafuta, ikabaki vilevile ilivyotoka kiwandani, huipita bei ile iliyorembwa ikameremeta. Vijana wengi hulipia mng'aro, na wauzaji wanalijua hilo.

Nianze na geji, maana ndilo swali mnaloniuliza kuliko yote. Chukua ratili moja ya Kiingereza ya madini ya risasi, gramu 453.6, uiyeyushe na kuigawa katika gololi 12 zilizolingana. Gololi moja kati ya hizo itaenea barabara ndani ya mtutu wa geji 12, wenye upana wa inchi 0.729, yaani milimita 18.5. Gawa ratili ileile katika gololi 20, kila moja itakuwa ndogo zaidi, na mtutu wake utakuwa na milimita 15.6. Ndiyo sababu namba ikipanda mdomo hupungua. Geji 10 ni milimita 19.7, geji 16 ni 16.8, geji 28 ni 14 hivi. Iliyo nje ya hesabu hii ni .410, ambayo namba yake ni upana wenyewe kwa inchi, milimita 10.4. Kwa hesabu ya ratili hiyo ingeitwa geji 67 au karibu yake.

Geji 12 ndiyo iliyotengenezwa kwa wingi kupita zote, Uingereza na Marekani, kwa hiyo peke yake haipandishi bei. Chukueni mfano wa Parker Brothers wa Meriden, Connecticut. Walianza kutengeneza bunduki za marisau baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wakanunuliwa na Remington mwaka 1934, na kazi ikakoma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Walitoa bunduki zaidi ya 240,000, na nyingi mno ni za geji 12. Za geji 16 na 20 ni chache zaidi. Za geji 28 na .410 ni za kutafutwa kwa tochi. Ndiyo maana Parker mbili za daraja moja na hali moja, ya geji 28 inaweza kuuzwa mara kadhaa ya bei ya ile ya geji 12, ingawa kazi iliyotiwa ndani ni ileile.

Lakini uhaba una nchi yake. Wajerumani, Wabelgiji na Wafaransa waliipenda sana geji 16, kwa hiyo bunduki ya geji 16 kutoka Suhl au Liège si ajabu. Mtu akikuuzia moja kwa bei ya uhaba kwa sababu Wamarekani wanaihesabu adimu, mwambie aipeleke huko Marekani. Uingereza nako geji 20 mara nyingi ilitengenezewa wanawake na vijana, na kitako chake huwa kifupi. Mtu mzima akiiweka begani atajiona amevaa shati la mwanawe. Na zile geji 10 kubwa za karne ya 19 zenye nyundo za nje na mitutu ya inchi 30 au 32, zilizotumika Marekani kuwindia mabata bukini, watu wanaozitaka leo ni wachache. Uhaba bila mtu wa kuutamani hauleti bei.

Jambo jingine, na hili wageni wa biashara hulisahau: geji ndogo lazima iwe na mwili mdogo. Parker walikuwa na ukubwa mbalimbali wa fremu, wakazipa namba, zikiwamo 2 na 1½, kushuka hadi 0, 00 na 000, na namba hiyo imegongwa kwenye kipande cha chuma kilicho chini ya mitutu. Geji 20 iliyopandishwa juu ya fremu kubwa ni nzito na mkono unaikataa. Nendeni na mizani. Bunduki ya Kiingereza ya geji 12 ya kuwindia ndege huwa na uzito wa ratili sita na nusu hivi, karibu kilo tatu. Ya geji 28 iliyotengenezwa vizuri hukaribia ratili tano. Mizani hainyenyekei jina.

Na msije mkadhani geji ni kila kitu. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt alipotoka kwenye urais wa Marekani, kampuni ya A. H. Fox ya Philadelphia ilimtengenezea bunduki ya daraja la F, yenye geji 12, ile ya kawaida. Alishuka nayo Mombasa mwezi Aprili mwaka huo, akapanda reli ya Uganda kuelekea bara na msafara wake wa makumbusho ya Smithsonian. Mwaka 2010 bunduki hiyo iliuzwa mnadani katika jimbo la Maine kwa dola 862,500. Geji haikuwa na kazi hapo. Kilichouzwa ni historia iliyothibitishwa kwa maandishi, barua na picha zikiwa mezani. Kwetu wapo wengi wanaosimulia kwamba bunduki yao ilitoka kwa gavana au kwa mwindaji fulani wa enzi ya mkoloni. Simulizi bila karatasi ni mazungumzo ya barazani. Sikiliza, furahi, usiilipie.

Sasa njooni kwenye mitutu, maana ndiko pesa zinakopotelea.

Mitutu ya zamani zaidi mtaiona ina mawimbi, rangi ya kahawia na ya fedha zikifuatana. Hiyo ndiyo huitwa damaski. Mafundi walichukua fito za chuma laini na za chuma cha pua, wakazisokota pamoja, wakazizungusha kwenye nondo kama ukili unavyozungushwa kushonwa mkeka, kisha wakazigonga motoni mpaka zikaungana kuwa bomba moja. Kazi hii iliota mizizi katika bonde la mto Vesdre, jirani na Liège, ambako familia nzima ziliishi kwayo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Tangu miaka ya 1880 chuma cha kuyeyushwa na kukandamizwa, alichokibuni Joseph Whitworth, kilianza kuipokonya damaski soko, na baada ya Vita vya Kwanza kazi ile ikafifia hadi kwisha.

Watu watakwambia damaski yote ni kifo. Wengine watakwambia babu zao walizipiga miaka yote bila neno. Mimi siwafuati hao wala hawa. Mingi ya mitutu hiyo ilitengenezwa wakati wa baruti nyeusi, ambayo msukumo wake ndani ya mtutu haufanani na wa baruti isiyo na moshi. Ipo iliyojaribiwa rasmi kwa baruti mpya ikafuzu, na ipo mitutu ya chuma cha kisasa iliyoliwa na kutu hadi ikawa ganda la yai. Jina la chuma halikulindi uso. Kinachokulinda ni muhuri, na kipimo cha leo.

Muhuri kwanza. Chama cha watengeneza bunduki cha London kilipewa hati ya kifalme mwaka 1637, na Birmingham ikapata nyumba yake ya majaribio kwa sheria ya bunge ya mwaka 1813. Nyumba hiyo bado inafanya kazi hadi leo. Kazi yao ni kupiga mtutu kwa shehena kubwa kuliko ya kawaida, kisha kuukagua na kuugonga muhuri. Bunduki ya Birmingham iliyojaribiwa kuanzia mwaka 1954 ina herufi BNP chini ya taji. Ya Ubelgiji ina ELG ndani ya duara la yai. Bunduki nyingi za Kiingereza za zamani pia zina namba ndogo inayoonyesha upana wa mtutu siku ya jaribio, na namba hiyo ndiyo ushahidi wako.

Niwaonyeshe kwa karibu. Umegeuza mitutu, umeona imegongwa 13/1. Hiyo haina maana bunduki ni ya geji 13. Risasi zake ni za geji 12 kama kawaida, lakini siku ya jaribio mtutu ulikuwa na upana wa angalau inchi 0.719, bila kufika 0.729. Unaingiza kipimo cha ndani hadi inchi 9 kutoka nyuma, mahali panapopimwa kwa desturi, na kipimo kinasoma 0.735. Elfu kadhaa za inchi, pengine hadi 16, zimekwenda wapi? Zimekwenda na fundi aliyesugua ndani ili kuondoa vidonda vya kutu, na mtutu sasa unang'aa kama kioo. Muuzaji atakusifia mng'aro huohuo. Kwa sheria ya Uingereza bunduki hiyo imetoka nje ya muhuri wake, na kuiuza kabla ya kujaribiwa tena ni kosa la jinai.

Baada ya upana wa ndani, pima unene wa ukuta. Kuna kifaa chake, chenye mkono mrefu unaoingia ndani na saa ya kusoma nje, na fundi mzuri hafanyi biashara bila hicho. Zungusha mtutu polepole, kwa sababu ukuta hauna unene mmoja pande zote. Mafundi wengi wa Uingereza huanza kukunja uso ukuta ukishuka chini ya elfu 20 za inchi, ambayo ni nusu milimita. Nusu milimita, wanangu, kati ya moto na vidole vya mkono wako wa kushoto.

Kisha fanya jaribio lisilohitaji kifaa. Shika mitutu kwa ndoano yake ya chini, uining'inize kwenye kidole, uigonge taratibu kwa kipande cha mbao au kwa kifundo cha kidole. Ikiwa ukanda unaounganisha mitutu miwili umeshikwa sawasawa na lehemu, italia kwa sauti safi inayochelewa kufa. Ikitoa mlio wa kukwaruza, au ukimya wa bati, lehemu imeachia mahali, na maji yameanza kuingia chini ya ukanda. Mara nyingi chanzo ni fundi aliyetumbukiza mitutu katika chumvi za moto ili kuipa rangi nyeusi inayong'aa. Njia hiyo ni halali kwa bunduki ya mtutu mmoja isiyo na lehemu. Kwa midomo miwili ni uharibifu, maana chumvi hizo huila lehemu. Rangi ya asili ya bunduki hizi hupatikana kwa kutu iliyooteshwa makusudi na kupigwa brashi mara nyingi, na haing'ai. Imetulia, na ina weusi wa ndani. Ukiona midomo miwili inameremeta kama gari jipya, rudi hatua moja.

Tazama pia mdomoni. Mitutu iliyo kamili huenda ikikaribiana hadi mwisho, ikagusana au ikabaki nafasi ndogo iliyozibwa kwa uangalifu. Ukikuta pengo la wazi kati ya mitutu, mtu ameikata, na choki, yaani mbano wa mdomoni, imekwenda na kipande kilichokatwa. Urefu wa kawaida ni inchi 26, 28, 30 na 32. Robert Churchill wa London alikuwa na bunduki zake mashuhuri za inchi 25, hizo ni sawa, lakini si kila bunduki ya inchi 25 ni ya Churchill. Na mlio Marekani mkumbuke, mtutu wa marisau ulio chini ya inchi 18 unawaingiza katika sheria ya silaha ya shirikisho ya mwaka 1934, ambayo haina mzaha.

Mwisho wa habari ya mitutu: angalia kama kuna mstari mwembamba unaozunguka mtutu inchi chache kutoka nyuma. Huo ni mtutu uliokatwa na kuvishwa bomba jipya. Kwa mtu anayetaka bunduki ya kupigia, ni ufumbuzi mzuri na wa bei nafuu. Kwa mkusanyaji, sehemu kubwa ya thamani imeondoka. Msichanganye haja hizo mbili.

Fremu ina mambo machache. Ondoa mbao ya mbele, funga mitutu kwenye fremu, kisha itikise. Ikicheza, imelegea. Ishike kuelekea dirishani. Ukiona mwanga kati ya nyuma ya mitutu na ukuta wa fremu, imeachana na uso wake, na hiyo hurekebishwa, lakini kwa fedha. Bunduki za Kimarekani kama Parker na Fox, wenzo wake wa juu huwa umelala kidogo upande wa kulia zikiwa mpya, na kadiri zinavyochakaa unasogea katikati, kisha kushoto. Angalia vichwa vya skrubu. Fundi wa Kiingereza alipanga mifereji ya skrubu zake zote ielekee upande mmoja. Skrubu iliyochanwa inakuonyesha kwamba mtu mwenye bisibisi mbaya amepita humo.

Mtasikia pia ubishi wa mitambo miwili. Mwaka 1875 Anson na Deeley, waliokuwa wakifanya kazi Westley Richards, walibuni mtambo unaokaa wote ndani ya fremu, wenye vipande vichache na nguvu nyingi. Ule mwingine umefungwa kwenye mabamba mawili ubavuni. Wa mabamba una nafasi kubwa ya nakshi na bei yake ni ya juu, lakini kwa maoni yangu kijana anayeanza hana sababu ya kuukimbilia. Mtambo wa Anson na Deeley wa fundi mwema wa Birmingham utakufaa, na fedha itakayobaki utanunulia mitutu yenye ukuta mnene.

Mbao nayo husema. Bunduki mpya huondoka kiwandani mbao ikiwa imeinuka kidogo kupita chuma kinachokutana nayo, ili ibaki ya kusawazishwa baada ya miaka. Ukipitisha ukucha pale mbao inapokutana na chuma, na ukucha ukashuka kutoka kwenye chuma kuingia kwenye mbao, kitako kimepigwa msasa. Mistari ya kushikia iliyolala kabisa mahali mkono unapokaa ni uchakavu wa haki. Iliyochongwa upya hutambulika kwa ncha kali zisizolingana na umri wa bunduki. Bunduki za L. C. Smith, zilizo nzuri sana na ambazo ningependa kila mmoja wenu azishike walau mara moja, zina tabia ya kupasuka mbao nyuma ya mabamba ya mtambo. Tazama hapo kwa kioo cha kukuzia. Na mbao iliyogeuka nyeusi na laini karibu na fremu imelowa mafuta, kwa sababu mwenyewe aliiweka wima kitako chini kwa miaka mingi.

Kuna udanganyifu wa aina tatu ambao bado unatembea. Wa kwanza ni wa majina. Mwishoni mwa karne ya 19 viwanda vya Ubelgiji viliiuzia Marekani bunduki za bei rahisi zilizoandikwa W. Richards, ili mnunuzi asome Westley Richards bila kusoma. Ukigeuza mitutu utakuta ELG ndani ya yai, na mjadala umekwisha. Wa pili ni damaski ya uongo, mawimbi yaliyochapwa juu ya chuma cha kawaida. Mara nyingi yamefutika pale mkono unaposhika na kubaki penginepo. Wa tatu ndio wa hatari, maana unafanywa na watu wenye ujuzi: bunduki ya daraja la chini huchukuliwa, ikachorwa nakshi za daraja la juu na kuvishwa mbao nzuri, ikauzwa kama ndivyo ilivyozaliwa. Hapo dawa ni daftari. Namba ya bunduki lazima iwe moja kwenye mitutu, kwenye fremu na kwenye chuma cha mbao ya mbele. Kwa Parker kuna kumbukumbu nyingi za kiwandani zilizosalia, na chama cha wakusanyaji wake hutoa barua inayoeleza bunduki ya namba hiyo iliagizwa kwa geji gani, daraja gani na urefu gani. Makampuni makubwa ya London nayo yana madaftari yao. Mali bila daftari hupotea bila habari, na bunduki ya bei kubwa bila barua ni kamari.

Ukishanunua, usianze kusugua. Namaanisha hivyo. Kitambaa laini, mafuta mepesi, basi. Rangi za mawimbi kwenye fremu, zilizopatikana kwa kuchoma chuma pamoja na mkaa wa mifupa, hufifia taratibu kuwa fedha, na kufifia huko kunaheshimiwa sokoni kuliko rangi mpya iliyotiwa juzi. Mlio pwani, Mombasa, Tanga au Unguja, chumvi ya upepo haitawasamehe: ifuteni kwa mafuta kila baada ya kuishika, kwa sababu hata jasho la kidole huacha alama ya kutu. Msiihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi, maana ngozi huvuta unyevu. Ilazeni, au isimamisheni mdomo ukiwa chini ili mafuta yasishukie kwenye mbao.

Na kwa anayetaka kuipiga, sina lugha laini. Bunduki nyingi za zamani za Uingereza na Ulaya zina chemba ya milimita 65. Risasi nyingi za kisasa ni za milimita 70. Zitaingia bila kusita, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu ganda likifunguka linakosa nafasi na msukumo unapanda. Chemba ipimwe, mitutu ipimwe, na fundi mwenye leseni aseme kwa maandishi kwamba inafaa na ni risasi za aina gani. Pia msiweke geji 12 na geji 20 kwenye mfuko mmoja. Risasi ya geji 20 huteleza ndani ya mtutu wa geji 12 na kukwama mbele ya chemba. Mtu akaona chemba tupu, akaingiza ya geji 12 nyuma yake, akapiga. Watu wamepoteza mikono hivyo. Ndiyo sababu risasi za geji 20 hutengenezwa za rangi ya njano.

Kuhusu fedha, nitasema kifupi. Nunua moja nzuri badala ya tano zenye maneno. Mlipe mpimaji kabla ya kumlipa muuzaji. Na kati ya geji ndogo iliyochezewa na geji 12 isiyoguswa, chukua geji 12.

Limebaki la sheria, na hili ni la mlio nyumbani zaidi. Marekani, kwa sheria ya shirikisho, bunduki iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1899 huhesabiwa kuwa kitu cha kale, ingawa majimbo yana masharti yao. Uingereza ina cheti cha bunduki za marisau kinachotolewa na polisi. Kwetu uzee wa bunduki haumpi mtu ruhusa. Tanzania kuna sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, Kenya kuna Bodi ya Leseni za Silaha, na bunduki ya babu yenye nakshi za Birmingham ni silaha mbele yao sawa na ile iliyotoka dukani leo. Leseni ilikuwa ya babu. Haikurithiwa pamoja na shamba. Msiifiche darini mkisubiri mnunuzi kutoka Ulaya, msiivushe mpakani ndani ya godoro, wala msimpe fundi wa mtaani aitazame. Ipelekeni kituo cha polisi pamoja na cheti cha kifo na leseni ya marehemu, mpewe risiti, ndipo muombe leseni au kibali cha kuiuza kwa jina lenu.